Gari lililolala kila usiku

Gari la marehemu kaka yangu lilikuwa na tabia ya ajabu. Jioni ungeliacha limesimama wima mbele ya nyumba yao kule Lang'ata, na alfajiri ungelikuta limepiga magoti kama ngamia anayengoja kupakiwa mizigo, tumbo likikaribia kugusa saruji. Jirani mmoja alimwambia shemeji yangu, tena bila haya, kwamba gari linamwomboleza mwenyewe. Shemeji akamjibu kwamba kama ni kuomboleza, basi na lianze kwa kulipa karo.

Naam, msomaji, ni karo iliyotuingiza katika kisa hiki. Kaka alituaga mwaka 2021. Binti yake wa pekee alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2023 na kupata alama za kutosha kuitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Mama yake ni mshonaji wa nguo, na akiba yote ya nyumba ilikuwa imeliwa na gharama za hospitali hata kabla ya siku ya mazishi. Kitu cha thamani kilichobaki pale uani ni hilo gari: Range Rover ya kizazi cha pili, zile zilizozinduliwa mwaka 1994 na kuacha kuundwa mapema miaka ya 2000, yenye injini ya V8 ya petroli, viti vya ngozi na vipande vya mbao vinavyong'aa kwenye dashibodi. Kampuni aliyoifanyia kazi kaka ilipobadilisha magari ya wakubwa, yeye alilipata kwa bei ya kutupwa. Alilipenda kuliko alivyopenda kukiri.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuja, akalizunguka mara mbili, akalipiga teke tairi moja na kusema shilingi 120,000. Gereji moja nayo ilimtuma fundi alikague, na siku ya pili ikaleta karatasi: kompresa mpya, bloku ya vali mpya, springi nne za hewa, kompyuta ya springi na kazi ya mikono, jumla shilingi 310,000. Jioni hiyo shemeji aliniita. Akaiweka karatasi mezani kando ya birika la chai.

"Shemeji, hebu nieleze," akasema. "Nitafute laki tatu ili nipate gari la kuuza?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Ujuzi wangu wa magari niliupata ujanani katika Datsun 1200 ya baba yetu, gari ambalo ungeweza kulitengeneza kwa spana mbili na kipande cha waya. Nilipofungua boneti ya Range Rover na kuona masanduku meusi na mirija imejazana kila mahali, nilitamani kuifunga polepole nirudi kwangu Umoja. Lakini binti alikuwa amesimama kando yangu akiniangalia. Na likizo ya Aprili ya mwaka 2024 ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Tulianza kwa kusoma. Kaka alikuwa ameacha kitabu cha gari ndani ya kisanduku cha dashibodi, na binti alipata maelezo mengine kwenye simu yake. Baada ya siku mbili tulikuwa tumeelewa jambo ambalo nadhani kila mwenye gari la aina hii angepaswa kulielewa kabla ya kumwita mtu yeyote.

Magari mengi hubebwa na springi za chuma. Hili hubebwa na hewa. Kila gurudumu lina mfuko wa mpira mnene uliokaa kati ya ekseli na chesisi (usiuchanganye na ule unaofura wakati wa ajali kumkinga dereva). Kompresa ndogo ya umeme chini ya boneti husukuma hewa hadi kwenye tangi, kwa mgandamizo wa baa 10 hivi, yaani mara nne au tano ya ule ulio ndani ya tairi la kawaida. Kutoka hapo bloku ya vali ndiyo inayogawa: huku ingiza, kule toa. Sensa hupima kimo cha kila pembe, na kompyuta ndogo iliyo chini ya kiti cha mbele hutoa amri. Dereva akibofya kitufe, gari hushuka ili nyanya apande bila kuinua gauni, au hupanda juu likavuka matope.

Sasa sikiliza siri ya ule usingizi. Hata gari likiwa limefungwa na ufunguo uko mfukoni mwako, kompyuta hiyo huamka yenyewe kila baada ya saa kadhaa na kupima. Ikikuta pembe moja imeshuka, haiwezi kuipandisha, kwa kuwa injini imezimwa na kompresa haifanyi kazi. Badala yake huzishusha zile nyingine tatu zilingane nayo. Ndiyo kusema mfuko mmoja ukivuja, gari zima hulala, nawe mwenye gari unadhani mifuko yote minne imekwisha. Hivyo ndivyo ile gereji ilivyodhani, au ilivyopenda kudhani.

Lakini kabla ya kuthibitisha lolote ilibidi injini iwake, na betri ilikuwa imekufa. Tuliweka mpya kwa shilingi 14,000. Nikaketi, nikageuza ufunguo kwa madaha, na kile kidirisha cha ujumbe kwenye dashibodi kikatangaza kwamba injini imefungwa. Gari lilidhani mimi ni mwizi. Magari haya yana namba ya siri ya tarakimu nne, na huingizwa kwa kuugeuza ufunguo kwenye mlango wa dereva kushoto na kulia, mara nyingi kadiri ya kila tarakimu. Bila namba hiyo tungebaki kulitazama tu.

Tulipekua droo zote za nyumba. Hatimaye ni shemeji aliyeipata, katika ukurasa wa mwisho wa kitabu kile kile tulichokuwa tumekisoma siku mbili bila kufika mwisho. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa mwandiko wa kaka, na chini yake maneno: "Msipoteze hii." Shemeji alikishika kile kitabu kwa muda. Kisha akatusomea tarakimu moja moja kwa sauti, binti akageuza ufunguo, na mara ya pili injini ikawaka.

Jioni hiyo tuliacha gari liunguruma mpaka likasimama wima. Nikachukua tepu ya kupimia ya shemeji, ile ya ushonaji, nikapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pembe zote zilikuwa sentimita 47, tofauti ikiwa chini ya sentimita moja. Halafu tukafanya ujanja mmoja ambao haugharimu hata senti: chini ya kiti, karibu na kompyuta ya springi, kuna rilei inayoipa umeme gari likiwa limezimwa. Ukiichomoa jioni, kompyuta haiamki usiku kuharibu ushahidi. Kila pembe hujishukia yenyewe kadiri inavyovuja.

Saa kumi na mbili asubuhi binti alinipigia simu kabla sijanawa uso. "Baba Mdogo, nyuma kushoto ni 36. Nyuma kulia 47, haijashuka kabisa. Mbele kulia 45 na mbele kushoto 45 na nusu." Alikuwa ameandika yote kwenye daftari, na saa pembeni. Tulirudia usiku wa pili na wa tatu na namba zikawa karibu zile zile.

Kwa hiyo mfuko mmoja ulikuwa mgonjwa sana, mmoja mzima, na pembe za mbele zilivuja kidogo kidogo. Tukachanganya sabuni ya unga na maji kwenye kopo, tukapaka kwa brashi ya rangi gari likiwa limepanda juu kabisa. Nyuma kushoto povu lilitokea mara moja kwenye ule mkunjo wa chini wa mpira, mahali palipokuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Mbele mifuko haikutoa povu hata kidogo, wala viungio vya mirija yake. Tulipofungua lile sanduku chini ya boneti na kupaka bloku ya vali, tukaona viputo vidogo vikijitunga polepole kwenye maungio. Sababu ya uvujaji huo ni oringi, yaani pete nyembamba za mpira zilizo ndani ya bloku. Zikizeeka huwa ngumu na bapa, na hewa hupita. Bloku yenyewe ni chuma, haiishi kwa urahisi. Kwenye karatasi ya gereji ilikuwa imeandikwa mpya.

Mfuko mmoja tuliupata Kirinyaga Road kwa shilingi 18,500. Oringi nazo nilitaka kujifanya mjanja, nikaenda sokoni na pete ya zamani mkononi na kuchagua kwa macho. Zilikuwa nene kwa unywele tu, lakini unywele huo ulitosha: ya kwanza ilikatika ikiingizwa, ya pili ikajikunja. Wiki moja ikapotea. Ikatubidi tuagize seti kamili kutoka Uingereza kupitia muuza spea, shilingi 7,200 pamoja na usafirishaji, tukangoja. Mvua za masika ya mwaka huo, ambazo mkazi wa Nairobi hahitaji kukumbushwa, zilikuwa zikiendelea kunyesha. Shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili zikachelewa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Nikajikuta na wiki mbili za ziada ambazo sikuziomba.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sijivunii.

Tangu siku ya kwanza nilikuwa nimemwonya binti asiingie kamwe chini ya gari linalobebwa na hewa. Nilimwonya kwa sauti ya ualimu, kidole juu. Nikajiridhisha kwamba kwa kuwa hakuna anayeingia chini, hatuhitaji stendi za chuma za kulishikilia. Kununua stendi, niliona, ni kupoteza pesa za karo.

Seti ya oringi ilipofika nilikuwa na haraka. Gari lilikuwa limesimama kwenye kimo chake cha kawaida. Nikainama chini ya boneti, nikabonyeza kile kipete kinachoshika mrija wa kwanza, nikauvuta. Sikutoa hewa kwanza. Wala sikutazama binti yuko wapi.

Hewa ikafyonza kwa kelele na pembe ya mbele ikaanza kushuka. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka kama mtu mnene anayekaa kitako baada ya safari ndefu, ikachukua sekunde chache tu. Nikasikia binti akivuta pumzi kwa nguvu upande wa gurudumu. Alikuwa ameuingiza mkono juu ya tairi hadi ndani, akipangusa matope kwenye mfuko ili tuupake sabuni tena. Hakuwa ameingia chini ya gari. Alikuwa ametii neno langu sawasawa.

Mkono aliutoa. Kitambaa alichokuwa amekishika kilibaki ndani, kimebanwa kati ya ekseli na kile kigingi cha mpira kinachozuia chuma kugonga chuma. Nilikivuta kwa mikono miwili hakikutoka.

Shemeji alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Mmoja nimemzika kwa sababu Mungu alimtaka," akasema. "Wa pili sitamzika kwa sababu ya gari. Mwiteni yule wa vyuma."

Nilifunga boneti nikaondoka. Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona sili, nikashindwa kumweleza hadi usiku wa manane. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: stendi ni pesa ngapi? Nilipomwambia, alinyamaza, na ukimya huo naukumbuka hadi leo.

Zilipita siku tisa. Shule zikafunguliwa. Jioni moja binti akanipigia. "Baba Mdogo, ni mimi niliyeweka mkono bila kukuambia." Nikamjibu kwamba mtu mzima pale nilikuwa mimi, na kwamba kosa halikuwa lake hata chembe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba amezungumza na mama yake, naye amekubali, ila ana masharti.

Masharti ya shemeji yalikuwa mawili. Kwanza, gari lishikiliwe na chuma pembe zote nne kabla ya mtu yeyote kugusa hewa. Nilinunua jozi mbili za stendi kwa shilingi 6,400. Tukaliinua kwa jeki kwenye saruji tambarare na kuziweka chini ya chesisi, si chini ya ekseli, maana ekseli ni sehemu inayobaki na gurudumu wakati bodi inaposhuka. Ukiweka stendi kwenye ekseli umejidanganya. Sharti la pili ni kwamba yeye mwenyewe awepo. Kila Jumamosi alileta kigoda na kazi yake ya kushona, akaketi kando. Kabla ya kufungua mrija wowote au kuwasha injini aliita, "Mikono!" Sisi wawili tulisimama na kuinua mikono juu, yote minne, kama watu waliokamatwa na polisi. Wapita njia walicheka. Hakuna hata mara moja aliyosahau kuita.

Kazi ya bloku tuliifanya juu ya meza ya kulia, kwa sababu vumbi ni adui wa vali. Kila mrija tuliufunga kipande cha plasta chenye namba kabla ya kuutoa, la sivyo tungempelekea gurudumu la nyuma hewa ya mbele. Vidole vyangu ni vinene; vya binti ndivyo vilivyofanya kazi yote. Alitoa pete za zamani kwa kijiti cha meno, si kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye shimo la pete ni uvujaji mpya. Alizipanga juu ya karatasi nyeupe. Zilikuwa zimekuwa na umbo la mraba, ngumu kama plastiki ya kalamu. Mpya alizipaka grisi ya silikoni kidogo sana, akaziingiza moja moja. Ilituchukua Jumamosi nzima na ugali ulitukuta bado mezani, tukalia sakafuni.

Kompresa nayo ilikuwa imechoka, na si ajabu: ilikuwa imekimbizwa kwa miaka kujaza hewa iliyokuwa ikivuja. Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa inazunguka na unaweza kuziba tundu lake la kutolea hewa kwa kidole gumba, basi pete ya pistoni imelika. Pete hiyo ilikuwa shilingi 3,800. Jambo jingine: kompresa ikipata joto sana hujizima yenyewe mpaka ipoe. Wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe ilikuwa inapumzika.

Tulipokwisha kufunga kila kitu, gari likakataa kuinuka. Taa zote za kitufe cha kimo zikawaka pamoja. Nilihisi kulia. Binti akanieleza kwa upole kwamba kompyuta ya springi ikishaona kosa kubwa hujifunga, na itaendelea kukataa hata kosa likirekebishwa, mpaka lifutwe. Wapenzi wa magari haya huko ng'ambo walitengeneza programu ya bure kwa kazi hiyo. Akaazima kompyuta ya rafiki yake na waya maalumu, akaichomeka, akafuta. Shemeji akaita mikono. Tukawasha. Kompresa ikanguruma dakika kadhaa, kisha nyuma ikapanda, mbele ikapanda, nyuma tena, kama ngamia yule yule akiamka.

Asubuhi iliyofuata pembe zote zilikuwa sentimita 47. Na ya pili. Siku ya tano shemeji alipima mwenyewe.

Mambo mengine yalikuwa madogo kwa kulinganisha. Zulia la mbele lilikuwa limelowa, na kwa mvua zile kila mtu alilaumu paa. Lakini maji ya mvua hayatelezi kwenye vidole wala hayana harufu tamu. Hayo yalikuwa kulanti ya rejeta (usionje, ni sumu), ikivuja pale mirija miwili inapoungana na hita nyuma ya dashibodi. Nako ni oringi mbili tu zilizozeeka, na mirija yote miwili imeshikwa na skrubu moja. Kuifikia skrubu hiyo ndiyo taabu. Mgongo wangu uliuma kwa siku tatu. Pete hizo na kulanti mpya vilitugharimu shilingi 2,900.

Betri nayo, mpya kabisa, ilikuwa ikiishiwa nguvu kila gari likikaa siku nne au tano. Mwenye hatia ni kisanduku kidogo kilicho nyuma, karibu na kioo cha pembeni cha sehemu ya mizigo, kinachopokea mawimbi ya rimoti ya milango. Katika mji uliojaa rimoti na mitambo ya redio husikia mawimbi yasiyo yake, na kila mara huliamsha gari zima. Tulikichomoa plagi. Tangu hapo milango ilifunguliwa kwa ufunguo, kama ilivyofunguliwa Datsun ya baba.

Breki sikuzigusa. Nilisikia bumba yake ikilia kila nilipokanyaga pedali mara moja au mbili, ishara kwamba lile tufe jeusi linalohifadhi mgandamizo limechoka, lakini mafuta ya breki za gari hili hukaa kwa nguvu kubwa mno, na mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza adabu. Tulimpa fundi anayezijua, akakanyaga pedali zaidi ya mara thelathini switchi ikiwa imezimwa kabla ya kufungua chochote. Nilipomwona akifanya hivyo nikajua tumempata mtu. Bei yake aliilipa mnunuzi, kwa makubaliano. Injini hizi za alumini pia hazivumilii joto, na geji ikipanda dawa ni kusimama kando ya barabara. Nimewahi kumwona dereva akimimina yai ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Afanye hivyo katika gari lake.

Fundi mmoja alitushauri mapema tutupe mambo ya hewa na kuweka springi za chuma. Si ushauri mbaya. Kama ningeishi mahali ambapo spea hazifiki, ningefanya hivyo bila kuona haya. Ila mtu anayetafuta gari hili huwa analitafuta kwa ajili ya ule mwendo wake wa kuelea, na sisi tulikuwa tunauza.

Kwa jumla tulitumia shilingi 52,800, betri na stendi zikiwemo. Shemeji alikuwa amekwisha kupata mahakamani hati ya kusimamia mali ya marehemu, kwani bila hiyo gari la aliyefariki haliwezi kuhamishwa jina. Mwezi wa Agosti akaja mzee mmoja kutoka Nanyuki pamoja na fundi wake. Fundi alileta tochi na dharau. Binti akampa daftari lenye vipimo vya asubuhi thelathini na moja. Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, akamrudishia mzee tochi.

Walipatana shilingi 640,000. Siku ya kulikabidhi, shemeji aliomba dakika tano. Akaingia upande wa abiria, mahali alipozoea kukaa, akafunga mlango. Sisi tuliangalia kwingine. Alipotoka alikuwa ameshika kile kitabu, akachana ukurasa wa mwisho, akainakili namba kwenye karatasi safi na kumpa mzee. Ukurasa wenyewe aliukunja akautia ndani ya kanga.

Septemba binti akaenda chuoni. Wiki ya tatu, tukiwa tumemtembelea Jumapili na chapati, simu yake ikalia. Ni yule mzee wa Nanyuki. Gari lilikuwa limeamka asubuhi limeinama upande mmoja na fundi wake anasema ni kompresa.

Binti aliweka chapati kando. "Baba, kwanza mwambie aondoke karibu na tairi," akasema. "Halafu utafute tepu ya kupimia."